Pesa za hina za binti wa miaka 15: afunguliwe akaunti gani, na KRA watamdai?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Langoni, Lamu, nalifupisha kidogo. Binti yake ana miaka 15, yuko shule, na wikendi na likizo anachora hina na piko kwenye maharusi. Kwenye kibubu kuna shilingi 18,600, na kwenye M-Pesa ya mama kuna 12,800 nyingine za binti ambazo zimechanganyika na za nyumba. Mama anataka kumfungulia akaunti ya akiba, ila babake kasema mtoto akishakuwa na akaunti KRA, wale wa mamlaka ya kodi, watamuandama, na mjomba mtu kasema pesa ya benki ni riba tupu. Sasa anauliza achukue akaunti gani, na hiyo kodi ikoje.

Waaleikum salaam dadangu, na kwanza mpe binti hongera zake. Ile picha ya daftari ulonitumia nimeikuza kwenye simu nikaisoma mstari kwa mstari: "bi harusi Mkomani, mikono na miguu, 3,000, kaweka 1,000 bado 2,000", alafu "shangazi za bwana harusi watu 6, 200 200", na chini kaandika gharama zake, hina pakiti 3, mafuta ya mkaratusi, nailoni za kutengeza koni. Nimekaa benki miaka 17 hapa Malindi, na wenye maduka yao makubwa nishawaona wakija kuomba mkopo hawana hesabu safi kama hiyo. Kwa hivyo hapa hatuzungumzi juu ya mtoto wa kufundishwa kuweka akiba, kashajifunza mwenyewe, kilichobaki ni sisi wakubwa tusimharibie.

Nianze na kodi sababu ndiyo inomtisha babake, na wallahi ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Kuna kodi ya pesa mtu anazozipata kwa kazi yake, na kuna kodi ya intresti, yaani ile nyongeza benki inayompa kwa kuziweka kwao. Ile pesa yenyewe, kitendo cha kuitoa kwenye kibubu na kuipeleka kaunta, hakina kodi. Akipeleka 31,400 zinaingia 31,400.

Intresti ndiyo inakatwa, na inakatwa asilimia 15, hiyo maofisini waiita kodi ya zuio. Benki inaikata yenyewe juu kwa juu kabla haijamwekea kwenye akaunti na inaipeleka KRA yenyewe, nyinyi hamjazi fomu wala hampangi foleni. Tufanye benki imempa asilimia 6 kwa mwaka kwa zile 31,400 zake zote, intresti inakuwa 1,884, kodi ni 282 na senti 60, anabakiwa na 1,601 na senti 40. Basi. Na kwa mtu binafsi kodi hiyo ikishakatwa na benki imekwisha, haidaiwi mara ya pili. Wewe umesema umeajiriwa na akaunti itafunguliwa kwa PIN yako ya KRA, ile namba ya mlipakodi, manake mtoto hana, usiogope kwamba ile intresti itapandisha kodi ya mshahara wako, haiingii huko.

Sasa pesa za hina zenyewe. Sheria yetu ya kodi haisemi mtoto hatozwi, inaangalia kipato kimefika wapi. Shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400, na kila mtu mkaazi ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi, kwa hivyo moja inafuta nyingine na kodi inabaki sufuri. Kwa mwaka hiyo ni 288,000. Na hesabu ni ya mwaka mzima, ikiwa mwezi wa Shaaban kabla ya kuvunja jungu amechora maharusi manne akapata 30,000, alafu Ramadhani nzima hajachora hata kidole, yote yanajumlishwa pamoja, tena baada ya kutoa gharama za hina na mafuta. Kwa daftari lile nililoliona hafiki hata nusu ya 288,000. Mwambie babake alale.

Ila kuna kitu kimoja cha KRA ambacho nataka mkiweke akilini kuanzia leo, na hiki ndicho kinawauma vijana kweli. Siku atakapofika miaka 18 akapata kitambulisho, atachukua PIN yake, sababu bila PIN benki haimfungulii akaunti ya mtu mzima na mambo ya chuo pia yataidai. Ukishakuwa na PIN unatakiwa upeleke ritani, yaani taarifa ya mapato yako kwa KRA, kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hukupata kitu unapeleka ritani ya sufuri, kazi ya dakika chache kwenye simu au kwa kijana wa cyber. Usipopeleka faini ni 2,000 kwa kila mwaka uliopita, na nimeona watoto wanamaliza chuo wanatafuta kazi, wanaingia kwenye mfumo wanakuta wanadaiwa 6,000 na 8,000 za miaka ambayo hawakuingiza hata senti. Hizo ni pesa za bure kabisa. Tia alama kwenye kalenda.

Haya, kodi tumemaliza, tuje kwenye kinachokula akiba ya mtoto. Makato.

Chukua mtoto ana 8,000 kwenye akaunti ya kawaida ya mtu mzima inayotozwa 50 kwa mwezi ya kuitunza. Kwa mwaka hiyo ni 600, na ushuru wa bidhaa unaowekwa juu ya chaji za benki bado sijauhesabu. Benki inampa intresti asilimia 5, yaani 400, kodi 60, zinaingia 340. Ametoka mwaka mzima na 7,740. Kaweka akiba na imepungua! Na kodi ambayo kila mtu anaiogopa imechukua 60 tu, chaji imechukua 600. Sasa nani adui hapo?

Hili limenikuta ndani ya nyumba yangu. Mpwa wangu nilimfungulia akaunti ya watoto kwenye benki moja nisiyoitaja, haina chaji, kila kitu kizuri, nikawa namuwekea kidogokidogo. Akatimiza 18 yuko bweni, mimi nimeshughulika na mambo yangu, na hakuna aliyetuambia kwamba akaunti ile mtoto akishakuwa mkubwa inageuzwa yenyewe kuwa akaunti ya kawaida. Chaji ya kila mwezi, chaji ya meseji, chaji ya kadi ambayo hata hatujaichukua. Nilipokwenda kuomba stetimenti baada ya miaka miwili na kitu nikaona mistari midogo midogo, mwezi kwa mwezi, imeteremka kurasa tatu, kila mstari umetoa kidogo. Nilikaa pale kwenye benchi nikaona haya kumpigia simu. Na mimi ni mtu wa benki! Kilichoniuma zaidi ni kwamba yote yameandikwa kwenye fomu niliyoitia saini mwenyewe, ukurasa wa nyuma, herufi ndogo. Kwa hivyo swali la kwanza kabisa ukifika pale usiulize intresti ni ngapi, uliza akaunti hii inakata nini, alafu uliza siku akifika 18 inageuka nini, na majibu yote mawili muandikiwe.

Akaunti unayoitafuta inaitwa akaunti ya watoto, ya akiba, na benki nyingi wanayo. KCB wanaiita Cub, Co-operative wana Jumbo Junior, Family Bank wana Mdosi Junior, na nyenginezo. Sikwambii uende hii au ile manake masharti yanabadilika na tawi la karibu nalo lina neno lake. Mtu wa Lamu hilo la tawi ndilo la mbele kabisa. Usije ukashawishiwa na intresti nzuri ya benki ambayo tawi lake liko Mombasa, akitaka kutoa pesa zake upande boti mpaka Mokowe alafu basi, nauli imeshakula intresti ya mwaka. Chukua benki yenye tawi hapo kisiwani, pale mnapofika kwa miguu, na kuweka anaweza kuweka kwa ejenti au kwa simu hata akiwa Shela au Matondoni kwenye harusi.

Alafu angalia masharti ya kutoa. Akaunti hizi nyingi zinaruhusu kutoa mara chache tu, ukizidisha unakosa intresti ya kipindi kile. Kwa mtoto wa kawaida hiyo ni nzuri. Kwa binti yako hapana, si yote, sababu yeye ana biashara, anahitaji mtaji wa kununua hina kabla ya msimu. Mimi ningefanya hivi: kama elfu 4 zibaki mkononi mwake ziwe za kuzungusha, 27,400 ziende benki, na kila harusi ikiisha apeleke sehemu yake siku ileile kabla kibubu hakijaonja. Zikishafika elfu hamsini hivi na hakuna haja nazo kwa mwaka, hapo ndiyo muulize fiksi, pesa inafungiwa kwa muda kwa intresti ya juu zaidi kidogo, na kodi ni ileile 15.

Sasa hizi 12,800 zilizoko kwenye M-Pesa yako. Dadangu nisamehe nikisema waziwazi, hizi ndizo zinanitia wasiwasi kuliko KRA. Najua huna nia mbaya. Lakini pesa ikiwa kwenye laini yako ni yako kwa macho ya kila mtu. Ukikopa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa yoyote ikiingia inakwenda kulipa deni kwanza, iwe yako au ya mtoto. Ukipatwa na jambo, Mungu akuepushe, zinaingia kwenye mirathi zinagawiwa na za wengine, nani atasimama mbele ya kadhi aonyeshe zipi ni za hina? Na hata bila hayo, gesi imeisha, mgeni kaingia, unachukua 500 utarudisha mwisho wa mwezi. Nimekaa kaunta nikaona mabinti wa miaka 18 wanakuja na kitambulisho kipya kuchukua pesa zao wakakuta hakuna, na mama yuko pembeni anatazama chini. Akaunti ya mtoto inaandikwa jina la mtoto, wewe unatia saini kwa niaba yake mpaka afike 18. Hamisha zile 12,800 kwanza, kabla ya za kibubu. Na stetimenti ikitoka aisome yeye, akaoanishe na daftari lake, mstari kwa mstari kama alivyozoea.

La mjomba mtu. Mimi si shekhe na sitajifanya, ila naheshimu sana mtu anayeuliza pesa ya mwanawe imetoka wapi, na njia zipo, hailazimu ibaki kwenye kibubu. Kuna mabenki ya Kiislamu yenyewe, Gulf African na ile iliyokuwa First Community ambayo sasa ni Premier, zote zilianza 2008, na mabenki makubwa yana dirisha lao, KCB wana Sahl, Absa wana La Riba. Huko utakutana na maneno mawili, na ni muhimu uyatofautishe. Kuna akaunti ya amana, benki inakuwekea tu, hakuna nyongeza na ukizitaka unazikuta kama ulivyoziweka. Na kuna mudharaba, hapo pesa inaingizwa kwenye biashara na faida inagawanywa kwa fungu mlilokubaliana mwanzo, kwa mfano benki 60 na wewe 40 katika kila mia ya faida, hakuna asilimia ya mtaji iliyoahidiwa, na kwa asili yake hasara ikitokea iko kwa mwenye mtaji. Mwambie afisa akuandikie lile fungu, na akuandikie pia kinachokatwa kwenye faida. Na kama roho ya mjomba bado haijatulia, hata benki ya kawaida unaweza kuwaandikia barua kwamba akaunti isiwekewe intresti. Hapo na kodi ya intresti haipo, manake hakuna cha kukatwa.

Na maadamu tuko kwenye dini, akiba ikikaa mwaka mzima juu ya nisabu, ile thamani ya gramu 85 za dhahabu au kwa fedha gramu 595, kuna zaka asilimia 2.5, na kwa madhehebu yetu ya Shafi mali ya mtoto nayo inatolewa zaka, mlezi ndiye anaitoa. Kwa bei ya dhahabu sasa hivi hajafika karibu, kwa fedha ndiyo hesabu ya kumpelekea shekhe wenu.

Mengine nayapitia haraka sababu najua utaambiwa. Sacco ni nzuri, gawio la hisa linakatwa kodi asilimia 5 tu, lakini pesa za akiba kule kwa kawaida hutoi nusunusu, unatoa ukijitoa uanachama, na zimewekwa hasa kwa ajili ya kukopea, mtoto wa miaka 15 anakopa nini? Asubiri akue. Mani maketi, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, zinatoa zaidi ya akaunti ya akiba mara nyingi, na kodi yake ni hiyohiyo 15 kwa kilichopatikana, ila hizo ziko chini ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, haziko kwenye bima ya KDIC. KDIC ni ile inayolipa benki ikifungwa, mpaka 500,000 kwa kila mwenye akaunti kwa kila benki, tangu 2020, mwanzo ilikuwa 100,000. Benki za Kiislamu nazo zimo. M-PESA Go ya watoto wa miaka 10 mpaka 17 ninaipenda kwa kupokelea malipo, bi harusi anamtumia yeye moja kwa moja badala ya kukutumia wewe na mzazi unaona kinachoendelea, lakini hiyo ni ya kupokea na kutumia, akiba ihamie benki.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekwambia. Akaunti ikilala miaka 5 bila kuguswa benki inatakiwa kuipeleka pesa ile kwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa. Haipotei, mwenyewe anaweza kuidai, lakini kuidai ni makaratasi na safari. Kwa hivyo hata akienda bweni msimu wa hina ukapita bila yeye, mtumbukizieni chochote, hata mia mbili.

Nenda katikati ya mwezi, siku ya kazi, saa tatu asubuhi, manake mwisho wa mwezi mishahara ikiingia pale kwenye foleni hakuna atakayekaa na wewe nusu saa kukueleza. Beba kitambulisho chako asili na kopi, PIN yako, cheti cha kuzaliwa cha binti asili na kopi, na picha za pasipoti zenu wote wawili. Hakikisha jina kwenye cheti limeandikwa vilevile kama shuleni, herufi kwa herufi, ikiwa cheti kina "Swaleh" na shule ina "Saleh" mrekebishe sasa kabla ya kitambulisho, baadaye ni mateso. Na nenda naye. Asihesabiwe zile noti za kibubu na wewe nyumbani, azihesabu mwenyewe mbele ya kaunta, sahihi yake aitie pale panaporuhusiwa, na ile risiti ya kwanza aigundishe kwenye daftari ukurasa unaofuata baada ya zile shangazi sita.